Pua na Jicho ni Jirani
Somo juu ya mafua yasiyokwisha na taabu ya macho isiyojulikana asili yake



Mwezi huu tumeona vema kuandika juu ya ugonjwa usioua upesi, wala haumlazi mtu kitandani, bali humpunguzia furaha ya siku zake moja baada ya moja. Ni ule wa pua kuziba miezi na miaka, na uso kuwa mzito kana kwamba umefungiwa jiwe. Pamoja na hayo macho hutoa machozi, huwaka, huuma kwa ndani, au huona ukungu. Na mgonjwa akienda kupimwa huambiwa ya kuwa jicho halina kitu. Watu wa siku hizi huuita ugonjwa huo wa pua "sainasi". Katika kila usharika wamo walio nao. Huyu ameacha kuimba katika kwaya kwa kuwa sauti yake yatokea puani. Yule hasomi tena usiku. Mwingine hukaa nyuma ya kanisa ili watu wasimwone akijifuta macho, wasije wakadhani ana msiba.

Neno tutakalofundisha ni moja, nalo ni hili: taabu isiyo na jina ni taabu bado, wala isipewe jina kwa haraka. Anayeidharau hukosa, na anayeipa jina upesi hukosa vilevile. Katikati ya makosa haya mawili iko njia ya kuangalia, ya kutunza, na ya kujua siku ya kukimbilia hospitali.

1. Vyumba vya pua

Ndani ya mifupa ya uso mna vyumba vitupu vyenye hewa, jozi nne. Jozi iliyo kubwa kuliko zote imo mashavuni. Ya pili imo katika paji la uso, juu ya nyusi. Ya tatu ni vijumba vingi vidogo vilivyopangwa kati ya pua na jicho, kama sega la nyuki. Ya nne imefichika nyuma kabisa, katikati ya kichwa. Vyumba hivi vimejulikana tangu zamani: Leonardo da Vinci wa Italia alivichora mwaka 1489, na Nathaniel Highmore, mganga wa Uingereza, aliandika habari za chumba cha shavu katika kitabu chake cha mwaka 1651.

Kuta za vyumba hivi zimetandazwa ngozi laini yenye unyevu, na juu ya ngozi hiyo mna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Hivyo ndivyo wafagiaji wa nyumba. Husukuma ute mchana na usiku kuelekea mlangoni, nao ute hutoka puani, hushuka kooni, tukaumeza pasipo kujua.

Sasa angalieni neno la ajabu. Mlango wa chumba cha shavu hauko chini sakafuni, bali uko juu, karibu na dari, tena ni mwembamba. Mtu afagiaye nyumba yake husukuma taka mpaka kizingitini. Bali wafagiaji hawa hawana budi kuzipandisha ukutani. Basi ngozi ya mlangoni ikivimba kidogo tu kwa mafua, au kwa vumbi, au kwa moshi, mlango hufungwa. Ute hubaki ndani, huwa mzito, na wafagiaji hulemewa. Mafua ya kawaida hupungua katika siku 7 hadi 10. Dalili zikidumu majuma 12 au zaidi, waganga huhesabu ya kuwa ugonjwa umekuwa wa kudumu. Wengine huota hata vinyama laini puani, wakapoteza kabisa kunusa.

Kwa habari hii twafahamu kwa nini dawa za kuua vijidudu, zikinunuliwa dukani tena na tena, haziwaponyi wengi. Mara nyingi shida ya kwanza si vijidudu, ni uvimbe uliofunga mlango. Waganga wenyewe walijifunza jambo hili polepole. Mwaka 1893 George Caldwell wa Marekani, na mwaka 1897 Henri Luc wa Ufaransa, walieleza njia ya kupasua juu ya meno na kuingia katika chumba cha shavu ili kuondoa uchafu, wakafungua na mlango mpya wa kutokea. Baadaye Walter Messerklinger, wa mji wa Graz katika Austria, alichungulia ndani ya pua kwa mrija mwembamba wenye mwanga. Akaona ya kuwa vinyweleo huzidi kuupeleka ute kwenye mlango wake wa asili, hata ikiwa mlango mwingine umetobolewa karibu. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1978, na tangu miaka ya 1980 upasuaji wa namna hii umeenea duniani: kutengeneza njia ya asili iliyozibwa, si kuchimba njia ngeni.

2. Kwa nini jicho lateseka pamoja na pua

Sababu ya kwanza ni ukuta. Kati ya vile vijumba vya sega na shimo la jicho pana mfupa mwembamba kama karatasi, hata waganga wameuita kwa Kilatini kwa jina la karatasi. Moto uwakao upande mmoja wa ukuta kama huo, aliye upande wa pili husikia joto lake.

Sababu ya pili ni mfereji. Katika pembe ya ndani ya kila jicho mna vitundu viwili vidogo, na kutoka hapo mfereji hushuka mpaka puani. Ndiyo maana mtu akilia hupenga kamasi. Pua ikivimba, mdomo wa mfereji hubanwa, na machozi yasiyo na njia humwagika shavuni.

Sababu ya tatu ni mishipa ya fahamu. Mshipa mmoja mkubwa hugawanyika na kupeleka habari za paji la uso, jicho, shavu na meno. Kwa hiyo mtu huweza kusikia uchungu jichoni, na asili yake iko shavuni au katika jino. Tena mshipa ule uletao kuona hupita kando ya chumba cha nyuma kilichofichika. Ugonjwa wa chumba hicho ni wa nadra, lakini huweza kudhuru kuona pasipo jicho lenyewe kuonekana na kasoro kwa nje.

Hata hivyo, ndugu, jirani si mwizi kwa sababu tu anakaa karibu. Si kila taabu ya jicho iliyofuatana na pua imetoka puani. Mwaka 2004 waganga wa Marekani walitoa habari za watu 2,991 walioamini, au walioambiwa, ya kuwa wanaumwa kichwa kwa sababu ya sainasi. Walipoulizwa vizuri, 88 katika kila 100 walionekana wana dalili za kipandauso. Maana kipandauso nacho hutoa machozi na kuziba pua. Uchungu ukipiga kama ngoma, mwanga ukichukiza, kichefuchefu kikija, na mambo haya yakidumu saa kadhaa au siku mbili tatu kisha yakaondoka, mtu afikiri habari za kipandauso kabla ya kuilaumu pua.

Ziko na sababu nyingine. Macho yakiwasha sana, yote mawili, na chafya nyingi pamoja nayo, mara nyingi ni mzio, yaani mwili kukataa vumbi, chavua au manyoya ya wanyama. Jicho kavu huwaka kana kwamba mna mchanga, na la ajabu ni kwamba huweza kutoa machozi mengi. Huwapata hasa wasomao muda mrefu, kwa kuwa asomaye hupepesa kope mara chache. Aliyepita miaka arobaini, ambaye sasa hukisogeza kitabu mbali ili aone herufi, huenda akaumwa paji la uso kila jioni, na dawa yake ni miwani tu. Na mwenye harufu mbaya puani upande mmoja amwendee mganga wa meno, maana mizizi ya magego ya juu hukaribia sana sakafu ya chumba cha shavu, na jino lililooza huweza kukiambukiza.

3. Macho mekundu si alama ya uchawi

Hapa imetupasa kusema neno zito. Katika nchi ya Usukuma, hasa mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wanawake wazee wengi waliuawa katika miaka ya 1970, 1980 na 1990, na hata baadaye, kwa kudhaniwa kuwa ni wachawi. Na moja la mambo yaliyohesabiwa kuwa ushahidi juu yao lilikuwa macho mekundu.

Wekundu ule ulitoka wapi? Mahali pengi miti ilikuwa imekwisha kukatwa, wanawake wakapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya nyumba yenye moshi, tangu usichana hata uzee. Moshi huo huwasha macho na kuvimbisha ngozi ya pua. Wako pia wenye ugonjwa wa vikope, uitwao trakoma, ambao hugeuza kope ndani zikakwaruza jicho kila mtu apepesapo. Bibi aliyewapikia watoto na wajukuu zake miaka hamsini alipata macho mekundu kwa kazi yake hiyo, na watu wakamhukumu kwa alama ya utumishi wake.

Tazameni basi jinsi ilivyo hatari kuipa jina taabu isiyojulikana. Kosa la mganga humpotezea mgonjwa dawa na fedha. Kosa la kijiji laweza kumpotezea uhai. Kwa hiyo twawaomba walimu na wazee wa sharika: mkisikia mtu anatajwa kwa ajili ya macho yake, msinyamaze. Mfuateni nyumbani kwake, mpelekeni apimwe macho, na mwelezeni jamaa yake habari za moshi mbele ya watu, waziwazi. Katika jambo hili ujuzi ni ngao ya mnyonge.

4. Matunzo ya kila siku

Ugonjwa wa kudumu hutaka matunzo ya kudumu. Wengi huanza vizuri juma moja, wakiona nafuu huacha, kisha husema dawa haifai.

Kwanza ni kuosha pua kwa maji ya chumvi. Chukua maji nusu lita, yachemke sawasawa dakika tatu, yaache yapoe hata yawe ya uvuguvugu. Tia chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilele, ukoroge. Tumia chombo safi chenye mdomo mwembamba. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, pumua kwa kinywa, mimina polepole katika tundu lililo juu. Maji yatatokea tundu la pili. Kisha penga taratibu, tundu moja moja, usipenge kwa nguvu. Maji yasiyochemshwa, yawe ya kisima, ya mto au ya bomba, yasiingizwe puani kamwe. Mwaka 2011 watu wawili wa jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa kwa sababu walisafisha pua kwa maji ya bomba yenye kidudu kiitwacho ameba, kikapanda mpaka ubongoni. Jambo hilo ni la nadra sana, lakini kuchemsha maji ni kazi ndogo.

Pili, mganga akikupa dawa ya kupulizia puani ya kupunguza uvimbe, itumie kila siku. Haifanyi kazi kwa saa moja kama dawa ya kichwa, hutaka majuma. Elekeza mdomo wa chupa upande wa nje, kuelekea sikio, usiuelekeze kwenye ukuta wa katikati ya pua, usije ukatoka damu. Lakini matone yale ya dukani yafunguayo pua mara moja yasipite siku tano. Yakizidi, pua huyazoea, na kila yanapokwisha nguvu huziba kuliko kwanza.

Tatu, moshi na vumbi. Pikia nje au mahali penye dirisha na tundu la kutolea moshi, tumia kuni kavu, na nyunyiza maji kabla ya kufagia, nyumbani na kanisani. Avutaye tumbaku aiache.

Nne, macho. Yaoshe kwa maji safi, na kope zilizovimba ziwekewe kitambaa safi chenye joto la kadiri. Usitie jichoni maji ya majani, wala asali, wala mkojo, wala maziwa ya mama. Wengi wameharibikiwa na kioo cha jicho kwa vitu hivyo, na ugonjwa wa kwanza ungalipona wenyewe. Wala usitumie dawa ya jicho iliyobaki kwa jirani. Dawa zenye steroidi, kama deksamethazoni, hutuliza wekundu upesi na kumfurahisha mtu. Zikitumiwa muda mrefu bila mganga huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho.

5. Dalili zisizongoja kesho

Mtu mwenye taabu ya pua, mkubwa au mtoto, apelekwe hospitali siku ile ile akiona moja la haya: kope kuvimba na kuwa nyekundu pamoja na homa, jicho kusukumwa mbele, uchungu jicho likigeuka, kuona vitu viwiliwili, kuona kupungua kwa ghafula, kichwa kuuma kuliko siku zote, shingo kukakamaa, au akili kuvurugika. Huenda usaha umepita ule ukuta wa karatasi, na kuchelewa huweza kuleta upofu au kifo. Jicho jekundu lenye uchungu mkali, likiona duara za rangi kuzunguka taa, nalo lisingoje, maana huenda presha ya jicho imepanda ghafula.

Ziko pia dalili zijazo polepole, nazo zisidharauliwe: upande mmoja tu kuziba na kutoa damu, ganzi shavuni, au jicho moja kutokeza au kushuka kidogo kidogo kwa miezi. Mwaka 1969 waganga wa Sudan waliandika habari za wagonjwa ambao kuvu, yaani ukungu wa namna ya mkate ulioharibika, ulimea katika vyumba vya pua zao. Kuvu hiyo huweza kusukuma jicho mbele. Wenye kisukari wajihadhari hasa: mwaka 2021 huko India kuvu nyingine kali iliwashambulia maelfu ya watu waliougua Korona, wengi wao wenye kisukari, na baadhi wakapoteza macho. Na mtoto akivimba taya, meno yakilegea na jicho likitokeza, msiseme ni jino tu. Denis Burkitt, mganga aliyekuwa Kampala, alieleza uvimbe huo wa watoto mwaka 1958. Ni saratani, lakini ikiwahiwa huitikia dawa vizuri.

Anza zahanati, ukaombe barua ya kwenda mbele. Hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zina waganga wa pua na waganga wa macho pia, nao waweza kuchungulia kwa mrija wenye taa na kupiga picha ya vyumba vya ndani.

6. Kuishi na jambo lisilojulikana

Lakini yuko mtu ambaye ameyafanya haya yote. Ameosha pua, amepimwa, picha imetoka safi, miwani ameipata, na jicho bado lauma. Tumwambie nini?

Kwanza, ajue maana ya neno "hatukuona kitu". Maana yake ni kwamba siku ile, kwa vyombo vile, hakikuonekana kitu. Ni habari njema kwa sehemu, kwa kuwa magonjwa mengi mabaya yameondolewa katika hesabu. Si hukumu ya kwamba anasema uongo. Basi amwulize mganga kwa adabu maswali matatu: Ni magonjwa gani yameondolewa? Yamebaki yapi ya kufikiriwa? Nirudi lini, au nikiona dalili gani?

Pili, awe na daftari. Kwa majuma manne aandike kila siku: saa ya uchungu, upande gani, jicho liliona namna gani akifumba moja moja, pua ilikuwaje, alipika wapi, alilala saa ngapi, alitumia dawa gani. Mganga aonaye watu wengi kwa siku hawezi kuyajua haya kwa dakika chache. Bali karatasi mbili za daftari humfungulia njia. Mara nyingi kipandauso hutambuliwa hivyo, au mzio wa msimu fulani.

Tatu, sisi tulio wazima tuangalie vinywa vyetu. Mwenye kidonda huhurumiwa, maana kidonda huonekana. Mwenye uchungu nyuma ya jicho huambiwa ni mvivu, au hana imani, au amerogwa. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walipokaa naye kimya. Walipoanza kumweleza sababu ya mateso yake, ndipo walipoharibu. Mwalimu amwombee mgonjwa, wala asimwambie aache dawa ili aonyeshe imani. Ampunguzie kazi ya kusoma usiku, amweke mbali na moshi wa jikoni siku ya sherehe, amsindikize hospitali. Uchungu ukishirikiwa hupungua uzito, hata kama jina lake halijapatikana.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Mlango wa chumba cha shavu uko wapi, na kwa nini jambo hilo huleta taabu?
2. Taja sababu tatu zinazounganisha pua na jicho.
3. Kipandauso hufananaje na ugonjwa wa pua, nacho hutofautianaje?
4. Katika kijiji chenu, watu husema nini juu ya bibi mwenye macho mekundu? Ninyi mtajibu nini?
5. Kwa nini maji ya kuosha pua hayana budi kuchemshwa?
6. Taja dalili nne zinazomtaka mgonjwa aende hospitali siku ile ile.
7. Ni nani katika usharika wenu ateswaye na uchungu usioonekana, na juma hili mtamfanyia nini?